Sado au kilo, futi au mita: kipimo gani kikufae ukinunua Arusha

"Bosi, mabati hayafiki."

Simu hiyo niliipokea nikiwa ndani ya daladala pale Kwa Mrefu, fundi wangu akiwa juu ya kenchi. Nilikuwa nimenunua mabati ya futi 10, na hesabu nilizipiga mwenyewe kwa kalamu. Kutoka kilele cha paa hadi fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, ni mita 5.88. Mabati mawili ya futi 10 yakipandana sentimita 15 yanatoa mita 5.94, yaani yanavuka ubao huo na kubakiza vidole vitatu vinne vya kudondoshea maji kwenye gata. Hesabu safi kabisa. Tatizo ni kwamba fundi alipotandika tepu juu ya bati, lilisoma mita 3 kamili.

Futi 10 si mita 3. Ni mita 3 na sentimita 4.8. Kwenye bati moja huoni kitu, lakini panga mawili na utakuwa umepoteza karibu sentimita 10, na mimi hizo ndizo nilizokuwa nimezitegea mvua. Nilirudi dukani nimepandisha. Muuzaji akanionyesha risiti: imeandikwa mita 3. Mdomoni aliniambia "futi kumi" kwa sababu kila mtu mtaani analiita hivyo. Fundi akayasogeza mabati yote kuelekea chini, pengo lililobaki juu kwenye kilele akalifunika kwa kofia pana ya bati, na mimi nikalipa hela ya kofia ambayo haikuwa kwenye bajeti.

Tangu siku hiyo kila ninaponunua kitu nauliza kwanza: kinapimwa kwa nini, na je, kuna kipimo kingine ambacho kingenifaa zaidi? Kugeuza futi kuwa mita ni kazi ya simu, hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Kazi ngumu ni kujua kipimo unachotajiwa kinapima nini hasa. Nitavilinganisha viwili viwili, kama nilivyokutana navyo.

Futi au mita kwenye ujenzi

Mafundi wetu wengi wanafikiri kwa futi na inchi. Tofali ni la inchi 5 au inchi 6, mbao ni mbili kwa nne, mlango ni futi 7 kwa 3, chumba ni futi 12 kwa 12. Viwanda navyo siku hizi vinatengeneza kwa milimita: nondo ya milimita 12 urefu wa mita 12, kioo cha milimita 5, bomba la milimita 20. Kwa hiyo nyumba yako inajengwa kwa lugha mbili, na wewe ndiye mkalimani.

Ushauri wangu: ongea na mwashi kwa futi, usimbadilishie. Ukimwambia "weka mita 1.37" atakadiria, na makadirio yake yatakuwa mabaya kuliko futi zake. Ila kila kinachoagizwa kiwandani au karakana (aluminiamu, vioo, mageti, mabati) kiandikwe kwa milimita, kwa kalamu, kwenye karatasi ambayo nyote wawili mnabaki na nakala yake.

Kwa nini nasisitiza karatasi? Kwa sababu ya nukta. Mwashi aliniachia tundu la dirisha la futi 4 na inchi 6. Nikaandika 4.6 kwenye ujumbe wa simu, nikamtumia fundi aluminiamu. Yeye akaingiza 4.6 kwenye simu yake, ikampa sentimita 140. Lakini futi ina inchi 12, si 10. Futi 4 na inchi 6 ni futi 4 na nusu, yaani 4.5, na hiyo ni sentimita 137. Fremu ikaja imezidi tundu kwa sentimita 3. Tulichimba ukuta kwa patasi Jumamosi nzima. Kama una kitu cha futi 5 na inchi 8, ukiandika 5.8 umeshakosea. Gawanya inchi kwa 12 kwanza: 8 kwa 12 ni 0.67, basi ni 5.67.

Mabomba yana mtego wake peke yake. Bomba la plastiki la kuunganisha kwa moto linaandikwa 20, 25 au 32. Fundi bomba atakwambia hizo ni nusu inchi, robo tatu na inchi moja. Ukigeuza mwenyewe utachanganyikiwa, maana nusu inchi ni milimita 12.7, sasa 20 imetoka wapi? Imetoka nje ya bomba, kihalisi. Milimita inapima kipenyo cha nje, wakati ile "nusu inchi" ya zamani ni jina linalofuata tundu la ndani maji yanapopita. Hapa simu haikusaidii, mwamini fundi bomba.

Kwa mabati, geji, yaani namba ya unene wa bati, ndiyo inayowaponza watu. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Nimemsikia mzee mmoja akijisifu kwamba yeye hataki 28, anataka "kubwa zaidi", wakampa 32 na akashukuru. Geji mbili zenye namba moja kutoka viwanda viwili zinaweza zisilingane unene, kwa hiyo kati ya geji na milimita chagua milimita bila kufikiri mara mbili. Mwambie muuzaji akusomee unene uliochapwa kwenye bati lenyewe.

Halafu tailizi. Boksi limeandikwa mita za mraba, chumba chako ni futi 12 kwa 12, yaani futi za mraba 144. Mtu anakumbuka kwamba mita ni futi 3.28, anagawanya 144 kwa 3.28, anapata 44, anakwenda kununua mita za mraba 44. Chumba kinahitaji 13.4 tu! Mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76, kwa sababu ile 3.28 inajizidisha yenyewe. Ukiona kichwa kinauma, geuza pande zote ziwe mita kabla ya kuzidisha: 3.66 mara 3.66. Ongeza kidogo kwa ajili ya zitakazokatwa na kuvunjika, basi.

Sado, debe au kilo sokoni

Hapa ndipo penye utamu. Ingia Soko la Kilombero, au kwa watu wa Moshi nenda Mbuyuni, utakuta mahindi yaleyale, maharage yaleyale, mmoja anauza kwa sado, mwenzake kwa kilo, wa tatu anataka uchukue debe zima. Bei zinatajwa kana kwamba hazijuani.

Sado ni lile kopo la rangi la lita 4. Tatizo lake ni kwamba linapima ujazo, wakati tumbo linashiba kwa uzito. Nilichukua sado yangu nikaijaza hadi mdomoni, bila kilele, nikaweka kwenye mizani ya jikoni. Mahindi makavu yalitoa kama kilo 3, maharage yakazidi hapo kidogo, viazi mviringo karibu kilo 2 na nusu kwa sababu vinaacha mapengo katikati. Unga wa sembe haukufika hata viazi. Ukijaza maji ni kilo 4. Kopo moja, uzito tofauti kila mara, kwa hiyo anayekwambia "sado ni kilo tatu" anaongelea mahindi tu.

Je, sado inapunja? Inategemea anayejaza. Tuseme maharage ni 2,800 kwa kilo na 9,000 kwa sado. Sado iliyojaa sawa na mdomo inakupa kama kilo 3.1, kwa hiyo umelipa 2,900 kwa kilo, umepigwa kidogo. Mama akiipandisha kilele mpaka punje zinaanza kumwagika, unafika kilo 3.5 na ushee, na hapo umelipa chini ya 2,600. Kumbe kilele ndicho kinachouzwa. Ndiyo maana pale sokoni hakuna anayebishana sana juu ya bei ya sado. Watu wanabishana juu ya mkono.

"Mama, ongeza basi."

"Nimeshaongeza, mwanangu, kinamwagika hiki."

"Hicho unachokizuia kwa kiganja, kiachie."

Hayo ndiyo mazungumzo yenye faida. Na kabla hujafika huko, pindua kopo utazame kitako. Kopo lililobonyezwa kuingia ndani linakula punje zako kila mara linapojazwa, na hutagundua kwa kutazama juu. Mimi huingiza mkono ndani nikapapasa. Wengine wananuna, wengine wanacheka.

Debe nalo lina historia yake. Asili yake ni lile bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Uingereza, ambazo ni lita 18.2. Siku hizi wengi wanatumia ndoo ya plastiki ya lita 20. Zote zinaitwa debe. Tofauti ni lita 1.8 tu, lakini kwa mahindi hiyo ni kilo 1 na robo hadi 1 na nusu, na gunia huhesabiwa debe sita. Zidisha: unaondoka na kilo 8 pungufu au zaidi kwa kutegemea debe lipi lilitumika. Anayekuuzia akija na bati na anayenunua kwako akija na ndoo, wewe uliye katikati unaumia mara mbili. Watu wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na hata leo pishi ya zaka ya fitri hukadiriwa kwa kilo, kama mbili na nusu hivi. Wenyewe waliona mapema kwamba ujazo bila mizani unaleta maneno.

Gunia ndilo nisilolipenda. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini ukipita barabarani msimu wa viazi unaona yale yaliyoshonewa kilemba juu. Mkulima anayeuza kwa lumbesa anatoa kilo za bure. Anayenunua lumbesa naye si kwamba amepata, maana gharama ya kupakia na kubeba inahesabiwa kwa gunia na wapagazi wanajua kutofautisha. Kama unauza mavuno yako, usiuze kwa gunia hata kidogo, dai mizani. Kama unanunua kwa ajili ya nyumbani, mizani peke yake haitoshi, angalia na unyevu.

Mahindi mabichi ni mazito. Ukiyanunua kwa kilo mara tu baada ya kuvunwa, umenunua na maji. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, zikianikwa mpaka 13, zinabaki kilo 94. Kwa debe nako huponi, kwa sababu punje ikikauka inasinyaa pia. Kwa hiyo ninavyofanya mimi: mahindi makavu nanunua kwa kilo, mahindi ninayoyatilia shaka nayaacha. Kuyajaribu ni rahisi. Weka punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, hayajakauka.

Mchele na sukari ni kilo, hakuna mjadala. Mboga ni fungu, na fungu halina hesabu. Mkungu wa ndizi unanunuliwa kwa macho, na kama hukuzaliwa Moshi tafuta aliyezaliwa huko akuchagulie.

Mizani nayo iangalie. Inatakiwa kuwa na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, na mshale usimame kwenye sifuri kabla ya kitu kuwekwa. Mizani ya nyama iliyoanza na gramu 50 ndani yake, kwa mtu anayenunua nusu kilo, imemla sehemu ya kumi.

Lita au kilo kwa mafuta na asali

Hili ni fupi lakini lina hela. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji: lita moja ni kama gramu 920. Asali ni nzito: lita moja inafika kilo 1.4. Kwa hiyo ukikuta bei ya kilo na bei ya lita ni sawa, mafuta nunua kwa kilo, asali nunua kwa lita. Nimeliona hili kwa wauza asali wawili waliokaa meza jirani, mmoja anasema "kilo elfu kumi na mbili", mwenzake "lita elfu kumi na tatu". Watu walikuwa wanakimbilia ya elfu kumi na mbili. Ile lita ya elfu kumi na tatu ilikuwa inatoka 9,300 kwa kilo. Nilichukua mbili, nikanyamaza.

Ratili, maili na wageni wa mlima

Anayefanya kazi na watalii hana uchaguzi, anageuza kutwa. Kilimanjaro mita 5,895 ni futi 19,341, na Mmarekani asipoisikia ile ya pili haoni kama amepanda kitu. Njia ya mkato ya ratili, yaani paundi zao: kilo zidisha kwa mbili, ongeza sehemu ya kumi. Mzigo wa mpagazi wa kilo 20 unakuwa 40 na 4, yaani ratili 44. Kurudi nyuma, gawa kwa mbili utoe sehemu ya kumi. Arusha hadi Moshi, kilomita kama 80, ni maili 50. Mmarekani akikwambia mtoto ana joto la 100.4, hizo ni nyuzi za Farenhaiti: toa 32 kisha gawa kwa 1.8, utapata 38 za Selsiasi, hiyo ni homa. Na galoni yake si galoni ya Mwingereza: ya Marekani ni lita 3.8, ya Uingereza 4.5.

Hatua, mita au ekari kwenye ardhi

Nilitafuta shamba upande wa Boma Ng'ombe, kule chini kwenye tambarare. Mtaani ekari inajulikana kama "sabini kwa sabini", na watu wanadhani ni uzushi. Si uzushi. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 mara 70 ni 4,900. Hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu yadi moja, yaani sentimita 91. Aliyeanzisha ile kanuni alijua anachofanya, alikuwa tu na miguu mirefu.

Wengine wameigeuza ikawa mita 70 kwa 70. Hiyo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni 4,047. Ukinunua kwa mita 70 umepata ekari moja na sehemu ya tano, ukiuza hivyo umeitoa bure. Ekari kwa mita ni 64 kwa 64 kasoro kidogo. Hekta ni mita 100 kwa 100, sawa na ekari 2.47, na kama shamba lina hati au ramani ya mpimaji utakuta hekta au mita za mraba. Ikiwepo hati, acha hayo mengine yote. Viwanja vya mjini ni hivyohivyo: "ishirini kwa ishirini" uliza mita au hatua, maana kwa hatua ya sentimita 75 zile mita za mraba 400 zinageuka 225.

Muuzaji wangu alikuwa mzee mfupi, mcheshi, amevaa koti la mvua kwenye jua. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kutembea huku akihesabu kwa sauti. Sabini upande huu, sabini upande ule, akachomeka vijiti. Nilikuwa na tepu ya mita 50. Nikamwomba kijana wake ashike mwisho mmoja. Tulipata mita 52 kwa 53, ambazo ni 2,756 za mraba. Ekari 0.68.

"Mzee wangu, hii haifiki ekari."

"Hukunihesabia? Sabini si sabini?"

"Ni sabini, mzee. Ila kwa miguu yako."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, tembea wewe mwenye miguu."

Nikarudi kwenye kijiti cha kwanza, nikapiga hatua ndefu kama mtu anayeruka mfereji. Hatua ya hamsini na nane ilifika kijiti chake. Nikaendelea. Ya sabini iliangukia katikati ya mahindi ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa amesimama hapo na jembe begani, ananitazama.

Tuliandikiana mita za mraba 2,756, bei ikashuka kwa kiasi hicho, na balozi wa nyumba kumi akaandika namba kwa tarakimu na kwa maneno.